Bwana Tilman wa Sotik na Baiskeli ya Pauni Sita

Kama ilivyo desturi ya jarida la chama chetu, ukurasa huu hutengewa maisha ya mtu mashuhuri ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Wamepita hapa washairi, wapigania uhuru na hata wanariadha. Mwaka huu kalamu nimekabidhiwa mimi, na kwa kuwa wanachama wote wanajua kwamba mimi na wenzangu watatu hatuna Jumamosi bila baiskeli, wengi walidhani nitaandika juu ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa katika mchezo huo na David Kinjah hapa jirani tu, Mai-a-Ihii, Kikuyu. Lakini wote wawili wangali hai, Mungu awazidishie umri, na ukurasa huu ni wa marehemu. Basi nimemchagua Harold William Tilman, mkulima wa kahawa wa Sotik, mpanda milima na baharia, ambaye mwaka 1933 alitoka Kampala juu ya baiskeli ya pauni 6 na hakuiacha mpaka alipoyaona mawimbi ya Bahari ya Atlantiki.

Najua kuna watakaonuna. Jina lake lilipotajwa katika mkutano wa chama, mwanachama mmoja alisimama akauliza kwa nini jarida la Kiswahili limpambe setla aliyekalia ardhi ya watu. Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Mtaliona likinifuata ukurasa mzima mithili ya mbwa anayefukuza baiskeli.

Tilman alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 katika mji wa Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, Uingereza. Babake alikuwa mfanyabiashara wa sukari, mtu mwenye uwezo, kwa hivyo kijana hakulala njaa wala kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alisoma katika shule ya Berkhamsted, akafanya vizuri, lakini Vita Kuu vya Kwanza vikamkatiza masomo. Akiwa na miaka 17 alikuwa tayari ofisa wa mizinga, na muda si mrefu akapelekwa Ufaransa. Hebu jitazame, mwenzangu wa kidato cha tatu: miaka 17, ndevu za kunyoa huna, na umekabidhiwa mizinga na watu wazima wa kuamrisha huku makombora yakinyesha kama mvua ya masika. Alijeruhiwa, akapona, akarudi vitani. Kabla ya kufikisha miaka 21 alikuwa ametunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili. Wengi wa rika lake walizikwa huko huko. Waliomfahamu baadaye walimwona kuwa mtu mkimya, asiyependa starehe wala gumzo, na mimi nadhani ukimya huo alitoka nao kwenye mahandaki.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliamua kuwatuza askari wazungu kwa kuwagawia mashamba katika nchi yetu. Ikapigwa bahati nasibu, watu wakavuta namba kama tunavyovuta vikaratasi vya kugawana zamu za kufagia darasa. Tilman akavuta maili moja mraba, yaani ekari 640, upande wa Kericho na Sotik. Mwaka 1919 akashuka kutoka melini Mombasa, kijana wa miaka 21, akaenda kuitafuta ardhi yake. Nasema yake, lakini ilikuwa nchi ya Wakipsigis, nao hawakuulizwa.

Hapa sharti nisimame kidogo. Ukishuka mjini ukapita barabara ya Kenyatta, utaona sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya Waafrika na Waarabu waliotumika katika vita hivyo hivyo. Mmoja wa hao waliochongwa ni mchukuzi. Wachukuzi wa Carrier Corps walibeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kwa vichwa na mabega hadi ndani kabisa ya Tanganyika, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Jina la Kariokor, pale tunapopita tukienda Ngara, limetokana na wao. Hao hawakutiwa katika bahati nasibu ya mashamba. Tilman alipata ekari 640, mchukuzi akapata sanamu. Tena mwaka huo huo wa 1919 sheria ya kipande ilianza kutekelezwa, na mwanamume Mwafrika akalazimika kutembea na cheti chake ndani ya kijikopo cha bati kilichoning'inia shingoni.

Mimi ninayasema haya si kwa kumtukana marehemu. Hakuitunga yeye sheria hiyo. Lakini alikula matunda yake, na anayesimulia maisha ya mtu hana budi kueleza na chakula chake kilitoka wapi.

Pale shambani alikaa zaidi ya miaka kumi. Walowezi wengi wa siku hizo walianza na kitani, bei ikaporomoka, wakabaki wameshika tama. Tilman alitia nguvu zake katika kahawa, zao ambalo wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kulipanda. Kazi ilikuwa kufyeka msitu, kung'oa visiki, kupanda miche na kungoja. Inasemekana hakuwa mtu wa kushinda klabuni na wazungu wenziwe. Alifanya kazi, akasoma vitabu, akalala. Miaka ikaenda hivyo hivyo, moyo wake ukawa kama chungu kinachotokota huku kimefunikwa.

Kifuniko kilifunuliwa na habari ya gazeti. Januari 1929, wazungu wawili waliokuwa wakifanya kazi Kenya, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, waliufikia Batian, kilele kikuu cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Tangu Mackinder akifikie mwaka 1899, hakuna mwingine aliyekuwa amefika. Wakawa pia wa kwanza kusimama juu ya Nelion, kile kilele cha pili. Tilman aliisikia habari ya Shipton, akachukua kalamu, na mwaka 1930 akamwandikia barua mtu asiyemjua ili wapande pamoja. Yeye alikuwa na miaka 32, Shipton 22. Kwetu hapa Uthiru mtu wa miaka 32 hatafuti urafiki na wa miaka 22, atamtuma dukani. Lakini barua ilijibiwa, na mwaka huo huo wakaenda Kilimanjaro, wakapanda Kibo na Mawenzi, kisha wakageukia Mlima Kenya.

Walichofanya kule Mlima Kenya si mchezo. Waliupanda Batian kwa ule ukingo wa magharibi ambao hakuna aliyewahi kuujaribu hadi mwisho, mwamba na barafu vimechanganyika, wakavuka kilele, wakashuka upande wa pili. Walikuwa wawili tu juu ya mwamba, kamba moja. Katika safari hiyo hiyo, wakishuka kutoka kilele kidogo kiitwacho Midget Peak, Tilman aliteleza, akagonga kichwa, akapoteza fahamu akiwa ananing'inia hewani. Shipton aliishikilia kamba, akamteremsha taratibu mpaka mahali pa kukanyaga. Laiti angeiachilia, hadithi yangu ingekomea hapa na baiskeli ya pauni 6 ingenunuliwa na mtu mwingine.

Urafiki wa watu hawa wawili ni kitu cha ajabu. Shipton alikuwa mwenye maneno na mzaha, Tilman jiwe. Walikwea pamoja Kenya, wakakwea Rwenzori mwaka 1932, na baadaye wakakaa miezi na miezi katika hema moja kule Himalaya. Shipton alisimulia kwamba baada ya muda wote huo alimwomba mwenzake waache kuitana kwa jina la ukoo, waitane majina yao ya kwanza kama marafiki. Tilman akakataa, akaona ni upuzi mtupu. Akaendelea kumwita Shipton mpaka mwisho. Jamani! Sisi katika kikundi chetu kila mtu ana majina ya utani matatu, na bado tunagombana juu ya nani abebe maji. Wao waliitana kama karani na meneja wake, lakini mmoja akianguka mwingine yuko kwenye kamba. Nikilinganisha, sijui nani ana urafiki mkubwa zaidi.

Mwaka 1932 ulimwendea Tilman kombo. Akiwa likizoni Uingereza alianguka katika miamba ya Dow Crag pamoja na wenzake. Mmoja wao alikufa. Tilman, mgongo ukiwa umeumia vibaya, alitambaa maili kadhaa kwenda kuita msaada. Waliomtibu walidhani mambo ya milima yamekwisha kwake. Wapi! Mwaka huo huo alikwenda Alps kujipima, kisha akarudi Kenya, akajitosa katika dhahabu ya Kakamega.

Dhahabu hiyo nayo ina kisa chake. Ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, wazungu walimiminika huko kama siafu, na Desemba 1932 serikali ikaibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji, sheria ambayo yenyewe ilikuwa ya mwaka 1930 tu, ili Waluhya waweze kuondolewa pasipo kupewa ardhi nyingine badala yake. Tilman alichimba pamoja na wengine, akatoka na tope zaidi ya dhahabu. Shamba la kahawa halikumshika tena. Alipanda Kibo kwa mara nyingine, safari hii peke yake, kisha akaamua kurudi Uingereza kabisa.

Sasa ndipo tunafika penye utamu.

Mtu mwingine angeshuka Mombasa akakata tikiti ya meli, akalala, akaamkia London. Tilman hakutaka kuondoka Afrika kwa kulala. Alitaka kuivuka mpaka upande wa pili, machweo ya jua, na kupanda meli huko. Kwa miguu ingemchukua mwaka. Gari lilikuwa ghali, na tena mwenye gari huwa mtumwa wa petroli. Akanunua baiskeli ya Kiingereza kwa pauni 6, akafunga mzigo mdogo kwenye karia, na katikati ya Septemba 1933 akatoka Kampala akielekea magharibi.

Pauni 6 zilikuwa shilingi 120 za Afrika Mashariki. Tukimsikia mzungu akinunua baiskeli rahisi tunacheka, lakini hebu tupige hesabu. Kibarua wa shambani Kenya miaka hiyo ya dhiki alipata kama shilingi 10 kwa mwezi, pengine pungufu. Hivyo baiskeli rahisi ya Bwana Tilman ilikuwa mshahara wa mwaka mzima wa mtu aliyemchumia kahawa, bila kula wala kulipa kodi ya kibanda. Hata hivyo ng'ambo kule Uganda, wakulima wa pamba walikuwa wameshaanza kununua baiskeli zao wenyewe, kwa hivyo katika siku zake za kwanza njiani hakuwa kioja. Alikuwa mtu mmoja miongoni mwa waendesha baiskeli wengine, isipokuwa wao walibeba ndizi na wake zao, naye alikuwa akienda Kamerun.

Barabara ya lami hakuikuta. Aliendesha juu ya udongo mwekundu na changarawe, na miezi hiyo katika misitu ya Kongo ni ya mvua. Yeyote aliyewahi kupita njia ya vichochoroni ya Muthua siku ya mvua kubwa anajua ninachokisema: tope linajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linakataa kuzunguka, unashuka unakwangua kwa kijiti, unapanda, baada ya hatua kumi unashuka tena. Cheni inalia kwa mchanga. Breki zikilowa ni mapambo. Sisi tukipata pancha tunaketi kivulini, mmoja anabandua tairi, mwingine anatafuta tundu kwenye beseni la maji la mama muuza mboga, wa tatu ana gundi na kiraka, wa nne anapiga domo. Pampu tunayo moja, na inatutosha kwa sababu tuko pamoja. Tilman tyubu yake aliiziba mwenyewe, akaijaza upepo mwenyewe, na domo hakuwa na wa kumpigia.

Hili ndilo jambo lililonifanya nimfikirie sana. Kwenye mwamba alihitaji rafiki, na bila Shipton asingefika 1933 akiwa hai. Kwenye baiskeli alikwenda peke yake, Shipton akiwa hayupo. Nilipomsoma mara ya kwanza nilidhani huo ni ushujaa wa kipekee. Nilipoendelea kufikiri nikaona kwamba hakuwa peke yake hata siku moja. Hema na magunia ya chakula cha wiki nane hayaenei kwenye karia. Chakula alikinunua vijijini, na alilala mahali usiku ulipomkutia, kati ya watu. Kutoka Uganda hadi Atlantiki kulikuwa na mikono iliyompa ndizi, maji na mahali pa kuegemeza baiskeli, na hao hawamo katika orodha ya marafiki zake kwa sababu walikuwa wengi mno na alipita kwao mara moja. Barabara zenyewe za Kongo ya Wabelgiji alizozipita zilichimbwa na kufyekwa na wanavijiji waliolazimishwa kufanya kazi hiyo. Kamba aliyoshikwa nayo ilikuwa ndefu kuliko ile ya Mlima Kenya, basi tu haikuonekana.

Na lugha je? Wanachama wa Kiswahili lazima mniulize. Kiswahili cha shambani alichozoea mtu wa Sotik kingemfaa hata katika Kongo ya mashariki, kwa maana lugha yetu ilikwisha kutangulia huko pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, na hadi leo inasikika mpaka Kisangani. Baada ya hapo mambo ni Kilingala, kisha Kisango, kisha lugha za Kamerun, na mtu anabaki kutumia mikono na tabasamu. Nikiiangalia ramani naona raha kwamba karibu nusu ya njia kuvuka Afrika mtu aweza kuuliza maji ya kunywa kwa Kiswahili.

Kutoka Kongo aliingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wafaransa, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Kamerun, na mwezi Novemba 1933 akafika Kribi, bandari ndogo ambapo msitu unakaribia kuingia baharini. Safari yote ilikuwa karibu maili 3,000, sawa na kilomita zipatazo 4,800, na ilimchukua takriban wiki nane. Gawanyeni wenyewe: ni kilomita 85 hivi kila siku. Kwa kipimo chetu, ni kama kutoka hapa Uthiru, kukwea Kinoo, Gitaru na Muguga, kupita Limuru, kuteremka bondeni hadi Mai Mahiu penye lile kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, na kuendelea hadi Naivasha. Sisi wanne tumefika Naivasha mara mbili, tukaingia na kwenye hifadhi ya Hell's Gate ambako baiskeli zinaruhusiwa kupita kati ya pundamilia. Kila mara siku iliyofuata tulitembea kama wazee wa baraza. Yeye siku iliyofuata alienda Naivasha nyingine, na kesho yake nyingine, mara hamsini na zaidi.

Wakati huo kulikuwa na mwingine barabarani. Mpolandi aitwaye Kazimierz Nowak alianza safari ya baiskeli kutoka Tripoli mwaka 1931, akashuka hadi ncha ya kusini ya Afrika, kisha akageuka kurudi kaskazini, akamaliza mwaka 1936. Alifariki mwaka uliofuata. Safari yake ilikuwa ndefu mara nyingi kuliko ya Tilman, na labda mwakani mtu ataandika juu yake. Mimi nimembakiza Tilman kwa sababu alitoka kwetu.

Mwenzangu yule wa mkutanoni alipoyasikia haya aliniambia kwamba bado. Akataka kujua kama Mkipsigis wa Sotik angeweza kununua baiskeli hiyo hiyo mwaka huo huo akaendesha mpaka Atlantiki. Nilifikiri kwa siku mbili. Jibu ni kwamba miguu angekuwa nayo, pengine bora kuliko ya Tilman. Lakini angehitaji mshahara wa mwaka mzima, na ruhusa ya mwajiri katika kipande chake, kwani kibarua aliyeondoka shambani bila kipande kutiwa sahihi alitafutwa na polisi kama mwizi. Tilman alivuka mipaka ya nchi za wakoloni watatu na akaandika kitabu. Kibarua wake asingevuka hata Londiani kwa usalama. Hapo tulipatana: tunaiheshimu miguu ya Tilman na akili yake ya kusafiri na kitu kidogo, lakini njia aliyoipita haikuwa wazi kwa kila mtu. Ninapoona baiskeli za Safari Simbaz za Kinjah zikipanda mlima wa Kikuyu alfajiri, au nikikumbuka kwamba Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, naona kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya wakati wake na wetu.

Yaliyofuata katika maisha yake nitayapitia haraka, maana yangejaza jarida zima. Mwaka 1934 yeye na Shipton, pamoja na Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, walipata njia ya kuingia katika bonde lililozungukwa na milima chini ya Nanda Devi, India, ambalo wengi walikuwa wameshindwa kulifikia. Tarehe 29 Agosti 1936 yeye na Noel Odell walisimama juu ya kilele cha Nanda Devi chenye mita 7,816, na kwa miaka 14 hakuna binadamu aliyefika kilele kirefu kuliko hicho. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest, akaufanya kwa fedha kidogo, akapita mita 8,200 bila hewa ya chupa. Kileleni hakufika, hali ya theluji ilimkatalia. Yeye na Shipton waliamini kwamba mpango wa safari usipoenea nyuma ya bahasha, basi safari hiyo imekuwa kubwa mno. Kwa maoni yangu imani hiyo aliithibitisha pale Kribi, na karia ya baiskeli ndiyo iliyomfundisha. Mwaka 1937 kitabu chake kuhusu Afrika kilitoka, Snow on the Equator, na safari ya baiskeli imo ndani yake.

Vita Kuu vya Pili vilipozuka alikuwa na miaka 41, angeweza kukaa nyumbani. Akajitolea tena, akapigana katika jangwa la Afrika ya Kaskazini, kisha akashushwa kwa mwavuli nyuma ya adui, Albania na baadaye Italia, kupigana bega kwa bega na wanamgambo wa huko. Mji wa Belluno ulimpa heshima ya kuwa raia wake.

Alipokaribia miaka 60 na mapafu kukataa milima mirefu, wengine wangenunua kiti cha kubembea. Yeye mwaka 1954 alinunua Mischief, mashua ya matanga iliyojengwa mwaka 1906, akajifunza ubaharia uzeeni, akaenda hadi ncha ya kusini ya Amerika na kaskazini Greenland kutafuta milima ambayo ilifikika kwa bahari tu. Mwaka 1957 hadi 1958 alilizunguka bara zima la Afrika kwa mashua hiyo. Nikilisoma hilo nilicheka peke yangu: bara lile lile alilolipasua katikati kwa baiskeli sasa alikuwa akilizungushia uzi. Mischief ilizama mwaka 1968 karibu na kisiwa cha Jan Mayen. Akanunua nyingine, Sea Breeze, nayo ikapotea Greenland mwaka 1972. Akanunua ya tatu. Mke hakuoa, mtoto hakuacha.

Shipton alifariki Machi 1977. Mwaka huo huo Tilman, mzee wa miaka 79, alikubali mwaliko wa kijana aitwaye Simon Richardson kuingia katika chombo chake, En Avant, kwenda kupanda mlima katika kisiwa cha Smith karibu na Antaktika. Safari hii hakuwa nahodha. Alikuwa baharia wa kawaida kati ya vijana, mzigo wake mdogo kama alivyozoea. Waliondoka Rio de Janeiro tarehe 1 Novemba 1977 wakielekea visiwa vya Falkland, na huko wakangojewa. Krismasi ikapita. Tarehe 14 Februari 1978 ikapita, siku ambayo angetimiza miaka 80. Hakuna ubao wala kamba ya En Avant iliyopata kuonekana.